Vichwa Visivyonyolewa

Naipanoi alikuwa na ndizi nyingi kuliko midomo ya kuzila, na hilo ndilo lililomkera. Mgomba hauna habari na msiba. Mume wake alikufa mwaka ule Wajerumani walipopandisha bunduki zao mlimani Meru wakaswaga ng'ombe wa watu, mazizi yakabaki samadi tupu. Wanawe wawili wakaondoka na ndui, mmoja leo, mwenzake kesho. Lakini migomba ikaendelea kuzaa tu kama vile nyumba bado imejaa. Mkungu unaiva, unapasuka, nyuki wanajaa. Naipanoi anakula ndizi mbili, zilizobaki anamtupia mbuzi, na mbuzi mwenyewe kesha kinai.

Kwake palikuwa Olmotonyi, juu kidogo ya mfereji. Siku moja akakuta mkungu wake umegugunwa ukiwa bado uko juu ya mti. Kesho yake mwingine. Akasema leo nitamjua huyu nyani. Mchana wa jua kali akajilaza kwenye majani makavu ya migomba, kimya, hadi akaona miguu miwili myembamba inashika shina. Akairukia.

Alikuwa binti wa miaka kama kumi na moja, nywele timtim, mdomo umejaa.

"We mwizi! Mama yako nani?"

"Sina."

"Baba yako?"

"Kamuulize Mjerumani."

Naipanoi aliinua mkono amzabe kofi. "Na kisu je, nacho huna? Unakula mkungu juu ya mti kama nyani?"

"Nyani ana mama," binti akasema, akameza.

Ule mkono ukashuka wenyewe.

Binti aliitwa Sinyati. Hakuwa peke yake. Chini kidogo palikuwa na zizi la watu waliokufa wote, limeanza kuota nyasi, na ndani yake walikuwa wamejikunyata wengine watatu. Nkasiogi, msichana ambaye hakusema kitu hata ukimkanyaga. Lengai, mvulana wa miaka tisa, mwongo, mcheshi, akikuambia jua linawaka unatoka nje kuhakikisha. Na kitoto cha miaka minne, Ndeshi, kilichotoka upande wa Wameru, hakijui Kimaasai, lugha ya pale, hata neno moja. Hawakuwa ndugu. Vita na njaa viliwakusanya tu, kama mvua inavyokusanya takataka kwenye kona ya mfereji. Na mlima mzima miaka ile ulikuwa na watoto hivyo, wanalala kwenye maghala matupu, wanashinda njia za sokoni wakiokota maganda.

Naipanoi aliwapikia ndizi. Wakala, wakalala hapo hapo chunguni, yaani mtu na mkono ndani ya chungu.

Kumlisha mtoto siku moja, sawa, hata jirani mchoyo anaweza. Yeye alitaka wabaki. Na mjane peke yake, bila ng'ombe, hawezi vinywa vinne mpaka mvua ije. Basi akawasubiri wanawake wenzake kwenye mfereji, siku ya kuzibua matope, wote wamekunja nguo mpaka magotini.

"Jamani, haya maji tunagawanaje?"

"Una homa wewe?" akasema Namelok, jirani yake wa karibu, rafiki tangu wasichana, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. "Si kwa zamu? Leo kwangu, kesho kwako."

"Kuna aliyewahi kusema maji yamemshinda?"

"Hakuna."

"Basi na wale watoto tuwagawane hivyo hivyo. Nyumba saba. Zamu ya maji ikizunguka, na watoto wanahama. Hakuna atakayelemewa."

Wakatazamana. Namelok akachota tope, akalitupa ukingoni. "Mimi nichukue yule asiyeongea. Yule Lengai ukimpa kibuyu cha maziwa kinarudi kimeoshwa."

Wakacheka, na hapo ndipo jambo lilipopita. Hakuna mzee aliyeitwa, hakuna kikao. Watoto wakaanza kuzunguka kama maji. Leo Sinyati yuko kwa huyu anachunga ndama, zamu ijayo yuko kwa yule anatwanga. Nyumba iliyokosa maziwa ililetewa ndizi na Naipanoi, na yenye maziwa ilitoa. Baada ya miezi mitatu Nkasiogi alisema neno lake la kwanza. Alisema, "Chumvi." Namelok akalitangaza neno lile kijiji kizima kama mtu aliyezaa mapacha.

Ila kulikuwa na kitu kimoja kimekaa vibaya.

Kwa watu wa Arusha wa zamani zile, mtoto anakuwa wa nyumba akinyolewa. Unamnyoa nywele alizokuja nazo, unampaka mafuta ya ng'ombe, unampa maziwa, na mwenye boma, mwanaume, anasema jina lake mbele ya watu. Baada ya hapo, awe alizaliwa wapi, huyo ni wako. Akiua, umeua wewe. Akidhulumiwa, umedhulumiwa wewe. Kabla ya hapo ni mgeni tu anayekula. Na watoto hawa, kwa kuwa walikuwa wa nyumba saba, hakuna nyumba iliyowanyoa. Nywele zao zikakua mpaka zikawa kama viota. Ukiona kichwa cha hivyo kinapita kwenye migomba, unajua hapo hapo: hao ni wale.

Naipanoi alilijua hilo na halikumpa usingizi mzuri. Lakini yeye mjane. Mume hana, shemeji wote waliishia vitani. Angemnyoa mtoto, angemtajia jina la boma gani? Aliyebaki ni kaka yake, Saruni.

Saruni alikuwa mkubwa wake, tumbo moja, ziwa moja. Walipokuwa watoto alimbeba mgongoni kuvuka mto. Sasa Wajerumani wamemfanya jumbe, wamempa kofia nyekundu, na Kiswahili alichojifunza kwa askari kilikuwa maneno mawili, "haya" na "upesi," akawa anawaambia mpaka kondoo. Watu walimcheka pembeni. Naipanoi hakumcheka. Alimwendea na kibuyu cha pombe ya asali.

"Kaka, nataka boma lako."

"Boma langu unalijua, dada. Ingia uchukue."

"Nataka uwanyoe wale wanne. Wawe wako. Kulisha, sisi tutalisha. Wewe toa jina tu."

Saruni alikunywa, akafikiri, akang'oa majani ya ardhini akayashika mkononi. Mtu wa kule akishika majani mabichi anaongea, hayo si maongezi tena, hicho ni kiapo. Akasema, "Nitawanyoa wote siku moja. Nitachinja kondoo. Watu waone kwamba dada yangu halii tena. Ila asiwanyoe mtu mwingine kabla yangu. Tukichanganya, huyu wa fulani, yule wa fulani, tutagombana kesho. Waache na nywele zao mpaka niseme."

Naipanoi alirudi nyumbani anaimba. Na akalishika lile neno kama mtu anavyoshika mtoto wa jirani, kwa mikono miwili.

Mwezi ukapita. Saruni akasema subiri mwezi uandame. Ukaandama. Akasema subiri, kondoo mnene ana mimba. Akazaa. Akasema ana wageni wa ngome. Siku hizo ngome ya Wajerumani kule chini ilikuwa inajengwa, watu wanabeba mawe mpaka migongo inatoka damu, na jumbe hana nafasi. Naipanoi akasema sawa, jumbe ni jumbe.

Wakati huo Lengai alikuwa zamu ya Namelok, na kichwa chake kilikuwa kimejaa chawa, kinatembea chenyewe. Siku moja Naipanoi akapita, akamkuta Namelok amemweka mtoto katikati ya magoti, wembe uko mkononi, kibuyu cha mafuta pembeni, na mumewe amekaa mlangoni anatazama.

"Unafanya nini?" Naipanoi akauliza.

"Namnyoa. Chawa wanammaliza huyu. Na mume wangu amesema, potelea mbali, huyu mwongo tumeshamzoea. Awe wetu."

"Usimguse."

"Eti?"

"Saruni atawanyoa wote. Ameapa. Ukimnyoa huyu mmoja, umeharibu."

Namelok akabaki na wembe hewani. "Naipanoi, mtoto yuko magotini kwangu. Saruni yuko wapi?"

"Nakuomba. Namelok, mimi sijawahi kukuomba kitu."

Lengai akageuza macho, mara kwa huyu, mara kwa yule. "Mnyoe basi hata chawa peke yao," akasema. Wakacheka wote. Namelok akaurudisha wembe kwenye ala yake. Siku ile Naipanoi alijiona mshindi. Ni miaka mingi baadaye, akiwa anamenya ndizi peke yake, ndipo alipokuwa anasimama ghafla na kisu mkononi, anaona tena yale magoti ya Namelok.

Ikaja siku. Mtoto wa Saruni alipita asubuhi mapema anasema baba amesema leo. Kondoo yupo. Walete wote wanne wakiwa wasafi.

Naipanoi hakujua aanze na lipi. Alizunguka nyumba zote saba kuwakusanya. Aliwaogesha kwenye mfereji, maji ya baridi, Lengai anapiga kelele kama anachinjwa. Akawapaka mafuta mwili mzima, mafuta mazuri aliyokuwa ameyaweka tangu mume wake yu hai, wakang'aa. Namelok alikuja, akavua ushanga wake wa shingoni, akamvalisha Nkasiogi. Alikuwa analia.

"Unalia nini sasa, siku kama hii?" Naipanoi akamwambia. "Utawatia watoto mkosi."

Namelok akafuta macho. Akarudi kwake. Naipanoi akachukulia ni furaha. Wanawake hulia kwenye sherehe.

Wakashuka. Ndeshi mgongoni, Nkasiogi mkono wa kushoto, Lengai mkono wa kulia, Sinyati mbele amebeba kibuyu cha maziwa. Njiani Sinyati akauliza, "Yeyo, wakishaninyoa, ukinikuta juu ya mgomba utanipiga?"

Yeyo ni mama. Hakuwahi kumwita hivyo.

"Nitakupiga vizuri sana," Naipanoi akasema. "Mwizi wa nje hapigwi kama wa ndani."

Binti akacheka, akanyoosha shingo chini ya kile kibuyu.

Uwanja wa Saruni ulikuwa na watu. Wazee walikuwepo, wamekaa. Kondoo alikuwepo, amefungwa. Na karibu na mlango walikuwepo askari watatu wa ngome, bunduki zimeegemea ukuta, mmoja anachokonoa meno na kijiti. Naipanoi akadhani wamekuja kula nyama. Askari na nyama, nani hajui?

Saruni alisimama na kofia yake. Hakumtazama dada yake. Alimtazama yule wa kijiti, akaonyesha kwa fimbo.

"Haya," akasema. "Hawa hapa. Vichwa vinne."

Mwanzo Naipanoi hakuelewa. Alisubiri wembe. Aliangalia mikono ya kaka yake, mkono mmoja fimbo, mwingine mtupu. Askari wawili walipowashika Lengai na Nkasiogi, yeye alikuwa bado ameinyoosha mikono yake kuwatoa mbele, kama mtu anayemsogeza mtoto apate baraka.

Kisha akaelewa.

"Saruni! Unafanya nini?"

"Barabara ya Moshi inataka watu. Kila kijiji vichwa vinne. Wamesema leo."

"Si umeapa? Si ulishika majani?"

"Niliapa nitawanyoa. Sijawanyoa." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyejisemea maneno hayo usiku kucha. "Dada, tazama mwenyewe. Hawa ni wa nani? Taja jina la baba. Taja boma. Nimtoe mtoto wa nani mwingine, wa Namelok? Wangu?"

Naipanoi akawageukia wazee. Mmoja alikuwa amekula ndizi zake wiki ile ile. "Nyie! Si wamelala kwenu hawa? Si wamekula na watoto wenu?"

Mzee akakohoa, akajifunika shuka. Mwingine akaanza kuchora chini kwa fimbo. Ukutani, nyuma ya waume zao, walikuwa wanawake wanne kati ya saba wa mfereji. Hakuna aliyeinua macho. Walijua. Tangu jana jioni walijua, wote, na kila mmoja alikuwa amehesabu watoto wake kimoyomoyo akaona bora hivi. Na Namelok, akivua ushanga, alikuwa anajua.

Naipanoi alimrukia askari wa kwanza, akapigwa kitako cha bunduki begani, akaanguka na Ndeshi mgongoni. Maziwa yalimwagika. Sinyati alikuwa amesimama, hakukimbia. Alikuwa anamtazama Naipanoi, na macho yale yalikuwa yanauliza jambo moja tu, na Naipanoi akafungua mdomo kulijibu, lakini askari akamvuta binti pembeni.

Yule wa kijiti akamfunua Ndeshi, akamtazama kama mtu anayetazama hindi bovu. "Huyu wa nini? Wa kubeba au wa kubebwa?" Akatema mate. Akageuka akamwona kondoo. "Nipe huyo. Huyo ndiye wa nne."

Saruni akamfungua kondoo upesi upesi, akampa. Askari wakaridhika.

Naipanoi alikuwa bado chini. Akamfuata kondoo kwa macho mpaka akapotea kwenye migomba pamoja na watoto. Kisha akasema polepole, "Kumbe kondoo anahesabika kichwa."

Akamgeukia kaka yake.

"Saruni. Una kondoo wangapi zizini?"

Akawageukia wazee.

"Nyie wazee, mna kondoo wangapi? Hamkuuliza hata kuuliza? Hata kujaribu?"

"Hatukujua kwamba atakubali," Saruni akasema.

"Hamkuuliza kwa sababu watoto walikuwepo."

Akasimama, akamfunga Ndeshi mgongoni, akapanda zake.

Kesho yake alibeba ndizi za kuchoma akateremka mpaka Tengeru, mwendo wa siku nzima, kambi ya barabara ilipokuwa. Mlinzi akachukua ndizi, yeye akafukuzwa. Akaenda tena baada ya siku sita, bega limevimba, Ndeshi mgongoni. Mlinzi akachukua ndizi, akamfukuza. Mara ya tatu akakuta majivu. Kambi imehama mbele. Watoto hawakuwahi kujua kwamba alifika.

Alimnyoa Ndeshi mwenyewe, mlangoni kwake, hakuna mwanaume, hakuna shahidi. Akataja jina lake yeye. Wazee wakatuma mtu kusema kunyoa huko hakuhesabiki. Akamjibu yule mtu, "Waambie na kuhesabu kwao nimekuona." Namelok alikuja mara mbili kusimama nje na kibuyu cha maziwa, akiita, "Naipanoi, nisikilize tu." Mara ya kwanza hakufungua. Mara ya pili alifungua, akachukua kibuyu, akammwagia mbuzi. Saruni alileta ndama. Ndama alilala njiani usiku kucha akilia, hakuna aliyemfungulia, fisi wakamaliza.

Siku ya kuzibua mfereji alikwenda kama wengine. Alizibua sehemu yake. Hakusema na mtu.

Ikapita miaka minne. Ndeshi alikuwa anaongea Kimaasai kuwashinda wenye nacho. Jioni moja, kabla jua halijazama, Naipanoi alikuwa anakata majani ya mbuzi, akahisi mtu. Pale ukingoni mwa shamba alisimama kijana mwembamba, ana kovu refu mguuni, amevaa gunia. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa vibaya, kwa mkasi, kama wanavyonyolewa watu wa kambi.

"Lengai?"

Hakuinamisha kichwa aguswe, kama mtoto anavyomwamkia mkubwa wa kwao. Alisimama tu.

"Nkasiogi alikufa," akasema. "Homa. Mvua ya kwanza ile ile. Sinyati walimpeleka Moshi na mizigo, halafu wakasema Pwani. Sijui."

Panga lilimwanguka Naipanoi. "Ingia ndani mwanangu. Ingia ule. Ndeshi yupo, atafurahi."

"Sikuja kula."

"Umekuja..."

"Nilitaka kukuona. Kule kila mtu alikuwa na hadithi ya aliyemkamata. Huyu alikamatwa njiani, huyu kisimani. Mimi wakiniuliza, nilisema mama mmoja alinipaka mafuta, akanishika mkono, akanipeleka mwenyewe." Hakuwa na hasira. Yule Lengai mwongo alikuwa anasema taratibu, neno kwa neno. "Walikuwa hawaamini. Walisema mimi ni mwongo."

Akageuka, akaondoka kwa kuchechemea.

Naipanoi alimkimbilia. Alikuwa na maneno, miaka minne alikuwa nayo. Nilidanganywa. Sikujua. Nilikuja Tengeru mara tatu. Ningefanya nini? Alifika kwenye mfereji, kijana yuko ng'ambo anapanda, hata angeongea kawaida angesikika. Akafungua mdomo. Na hapo akayasikia yale maneno kabla hayajatoka, akaijua sauti yake: ilikuwa ile ile ya chini ya Saruni uwanjani, ya mtu aliyejisemea usiku kucha.

Akaufunga mdomo.

Ndeshi alikuja nyuma yake na panga lililoanguka. "Yeyo, yule nani?"

"Kaka yako."

"Mbona hakuingia?"

Naipanoi alikuwa anatazama ng'ambo, kile kichwa kilichonyolewa na watu wengine kinaingia kwenye migomba ya Namelok, kinatokea, kinapita nyumba moja, kinapita ya pili, hakisimami kwenye hata moja kati ya saba.

"Hajui wa kumwamini," akasema. "Shika panga vizuri, utajikata."